Wakuu wa Mwanza, kazi yangu ni ya mtandaoni na ni ya usiku: nipange mtaa gani?

#1 TabataRelini
Habari zenu wakuu.

Niko Dar, kazi yangu ni kukagua programu za kompyuta kabla hazijafika kwa wateja. Mwajiri yuko Toronto, Kanada, mimi nafanyia nyumbani. Nataka kuhamia Mwanza kwa miezi sita, na ikinoga nibaki. Mama mdogo yuko Magu, sitaki tuendelee kuonana misibani tu.

Zamu yangu inaanza saa 10 jioni mpaka saa 6 usiku. Mikutano ya video ni karibu kila siku, kwa hiyo mtandao ukiyumba katikati ya maelezo yangu, timu nzima inabaki inatazama picha iliyoganda. Gari sina. Nimetajiwa Capri Point, Isamilo, Bwiru, Nyegezi na Buswelu, na kila dalali anaapa kwamba kwake ndiko.

Kilichonitia wasiwasi ni hiki: rafiki yangu alipanga Capri Point, akaniambia mtandao ulikuwa safi tangu asubuhi, ila jua likizama unalegea mpaka usiku mwingi. Ndizo saa zangu hizo! Ni kweli? Na kama ni kweli, sababu ni nini?

#2 MiambaMitatu
Nenda Capri Point. Mtaa umetulia, mjini unafika kwa miguu, ziwa linakuzunguka karibu pande zote. Kodi ndiyo itakuumiza. Kwa bei ya vyumba viwili vya kule, Buswelu unapata nyumba nzima na uwanja wa kuanikia nguo.

#3 NgwanaIgogo
Mwangaluka mwanangu. Nimezaliwa Igogo, nimekulia juu ya mawe, naomba unisikilize mimi mzee.

Ukitaka mtandao wa Mwanza, uliza mwamba kabla ya kuuliza mtaa. Vilima vyetu ni graniti tupu, na nyumba zimejibanza katikati ya mawe makubwa kuliko zenyewe. Mnara ukiwa ng'ambo ya kilima, wewe uko kivulini. Isamilo nimeona nyumba mbili za jirani: ya juu simu imejaa mistari, ya chini yake mtu anapiga simu akiwa amesimama barabarani. Mtaa ni huohuo, na dalali anayekuonyesha ni huyohuyo. Rafiki yako alipanga nyuma ya jiwe, basi.

#4 FundiMnara
Mzee #3, shikamoo. Kuhusu kivuli cha mwamba uko sahihi kabisa, mawimbi ya 4G hayapendi graniti. Ila jiwe haliondoki asubuhi likarudi jioni. Kama sababu ingekuwa jiwe, rafiki yake angeteseka na mchana.

Sababu ni msongamano. Mnara mmoja una uwezo wake, na uwezo huo unagawanywa kwa wote walioushika kwa wakati ule. Mchana watu wako Rwagasore, sokoni, maofisini, shuleni, kila mmoja anatumia mnara wa kule aliko. Saa 1 jioni wote wamerudi makwao, wamekaa, wanaangalia video. Hapo hata ukiwa na mistari yote ya simu, mgao wako umebaki kidogo. Mistari inakwambia unavyousikia mnara, haikwambii mko wangapi.

#5 SatoNaUgali
#3 na #4 mnaweza kuwa sahihi wote wawili. Mwamba hauhami, watu ndio wanaohama. Nyumba zilizo kivulini zinaona mnara mmoja tu, wakati zile za wazi zinaona mitatu minne. Watu wakirudi jioni, wa kivulini wote wanauangukia mnara uleule kwa sababu hawana mwingine. Ndiyo maana kero inakuwa ya jioni na inakuwa ya mtaa fulani.

#6 MalimbeHostel
Naunga mkono msongamano. Nilisoma SAUT, chuo cha upande wa Nyegezi, nilipanga Malimbe. Chuo kikiwa kimefunguliwa, usiku hata picha moja ilikuwa inafunguka kwa kukatakata. Chuo kikifungwa, mtandao uleule unakimbia mpaka unashangaa. Ziwa lilikuwa palepale, na mawe pia. Waliobadilika ni wanafunzi.

Dada au kaka, ukiipenda Malimbe kwa bei yake nafuu, kwanza angalia kalenda ya chuo.

#7 TabataRelini
Ni dada. Asanteni, naandika yote. Kwa hiyo Nyegezi na Malimbe nizitoe?

#8 MvuviWaLuchelele
Usitoe kitu bado dada. Wote hapo juu mmesahau ziwa, na mtu wa mjini ndivyo alivyo, ziwa kwake ni picha ya ukutani.

Sisi wa mwambao tunajua. Usiku ukitulia bila upepo, simu inaanza kushika minara ya ng'ambo, upande wa Sengerema, na ukiwa majini kabisa unashika ya mbali zaidi. Simu inaona mnara wa mbali umekuja na nguvu, inauhamia, kisha unapotea, inarudi. Kwenye maongezi ya kawaida huhisi sana, kwenye video ndiyo unaganda. Capri Point imezungukwa na maji. Mimi nasema ziwa.

#9 FundiMnara
#8 hilo lipo, silikatai. Juu ya maji, hewa ya baridi ikilala chini na ya joto ikakaa juu, mawimbi yanajipinda na kusafiri mbali kuliko kawaida, na mnara wa mbali unaingilia wa karibu. Lakini hali hiyo inategemea hewa ya siku hiyo: leo ipo, kesho haipo. Huyu rafiki yake alisema kila jioni.

#10 MvuviWaLuchelele
Hakusema kila jioni. Soma tena #1. Alisema jua likizama unalegea.

#11 FundiMnara
Sawa, hakuandika neno "kila". Dada mwenye uzi atatuambia.

#12 KonaYaBwiru
Mnapigania hewa, mimi nasema umeme. Mnara nao unakula umeme. Ukikatika, unakwenda kwa betri au jenereta, na betri zikizeeka mnara unajipunguza wenyewe ili usizime. Bwiru nimeona mara nyingi: umeme unakatika jioni, baada ya muda mtandao unakuwa mzito, umeme ukirudi unapona. Watu wakilala bila kujua kama upande wa pili wa kilima umeme ulikatika, asubuhi wanalaumu kampuni.

#13 Pasiansi_Kwetu
Lakini si tunaambiwa umeme sasa umejaa? Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina megawati 2,115.

#14 KonaYaBwiru
Umeme kujaa kwenye bwawa ni habari moja, laini inayoleta mtaani kwako ni habari nyingine. Nguzo ikianguka Kiloleli kwa upepo, bwawa haliji kuisimamisha.

#15 Kirumba_Damu
Mnazunguka sana. Mwanza iko mbali na bahari, data inatoka Dar, zaidi ya kilomita elfu moja kwa mkongo. Umbali wote huo ndio unachelewesha. Hamia Kigamboni dada, usisumbuke.

#16 FundiMnara
Hapana mkuu. Mwanga ndani ya nyaya za faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kilomita 1,100 kwenda na 1,100 kurudi ni kama milisekunde 11. Jicho halioni, na Zoom haihisi. Kutoka Dar mpaka Toronto ndiko kunakokula muda, na hiyo safari anaifanya hata akiwa Tabata.

Shida ya umbali ni waya kukatwa njiani na wachimba barabara, hapo nakubali. Na hata baharini: Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika pamoja na nchi nzima ikasota. Siku kama hiyo hakuna mtaa utakaokuokoa.

#17 TabataRelini
Naikumbuka hiyo Mei 2024, nilikuwa kazini. Rafiki nimemuuliza. Anasema ilikuwa jioni nyingi lakini si zote, na hakumbuki kama siku nzuri zilikuwa za upepo au za wikiendi. Nyumba yake ilikuwa upande unaotazama maji, kilima kiko mgongoni. Kwa hiyo kila mmoja wenu bado ana kesi.

Naomba sasa mnisaidie na mitaa yenyewe, kwa mtu anayefanya kazi usiku na kulala asubuhi.

#18 Mama_Nyasaka
Hapo sasa mdogo wangu umeuliza la maana, maana wote wanakujibu kama vile utaishi ndani ya mnara.

Mume wangu alikuwa wa zamu za usiku miaka mingi, kwa hiyo hili nalijua. Ukilala saa 7 usiku, adui yako ni alfajiri na asubuhi. Nyegezi karibu na stendi, mabasi ya Dar yanaanza kupiga honi kabla hakujapambazuka. Watu wa Nyamhongolo nao hivyohivyo, kule ni mabasi ya Musoma na Bariadi. Kirumba ni ya usiku na ya asubuhi pia: baa zinafunga wewe ukitaka kulala, na soko la samaki la Mwaloni wanaanza kupakia dagaa wewe ukiwa kwenye usingizi mtamu. Harufu sikuelezi, utaizoea au utahama.

Halafu kuna kitu ambacho mgeni hawezi kukifikiria: nyundo. Vilimani kote watu wanajenga, na kiwanja hakipatikani mpaka jiwe lipasuliwe. Wanalichoma kwa moto mpaka lipate ufa, kisha nyundo ngo, ngo, ngo kuanzia saa 1 asubuhi, na pembeni akina mama wanaponda kokoto. Sio kelele ya siku moja, jiwe moja kubwa linaweza kuwala miezi. Ukienda kuona nyumba Isamilo, Nyasaka, Mahina, kokote kwenye kilima, zunguka uangalie kama jirani ana jiwe lenye masizi. Ukiona masizi, jua nyundo inakuja.

#19 SatoNaUgali
Mama #18 umeua. Nimekaa Mahina, masizi nilikuwa nayaona, sikuwahi kujua ni ratiba.

#20 JichoLaMagharibi
Dada mwenye uzi, unaanza kazi saa 10 jioni. Hapa Mwanza jua linazama kama dakika 25 baada ya Dar kwa sababu tuko magharibi zaidi, na saa ni ileile ya nchi nzima. Maana yake saa zako za kwanza mbili na zaidi, jua la jioni linakupiga usoni kama dirisha linatazama magharibi. Na nyumba zote zinazosifiwa kwa "machweo ya ziwa", kuanzia Bwiru hadi upande wa magharibi wa Capri Point, ndiko zinakotazama. Kwenye tangazo zinapendeza. Kwenye mkutano wa video, ukilipa dirisha mgongo unaonekana kivuli cheusi, chumba kimekuwa tanuri, na feni inapuliza joto. Tafuta chumba cha kazi kinachotazama mashariki au kusini, machweo utayaonea barazani siku ya mapumziko.

#21 Kirumba_Damu
Hapo #20 umenishika hata mimi. Naongeza: ikiwa kazi ni ya Kanada, dada hesabu yako ya saa 10 hadi saa 6 ni ya majira yao ya joto tu. Kuanzia Novemba wanarudisha saa nyuma, utaanza saa 11 jioni na kumaliza saa 7 usiku, mpaka Machi.

#22 TabataRelini
Najua hilo, ila ni kweli sikuliandika. Asante. Majirani wa huko wanalala saa ngapi? Sauti yangu kwenye mikutano inavuka ukuta.

#23 MiambaMitatu
Ndiyo sababu nasema Capri Point. Nyumba zina nafasi.

#24 Pasiansi_Kwetu
Capri Point, Capri Point, wewe una nyumba unapangisha kule? 😀

#25 MiambaMitatu
Sina hata choo kule. Nimepapenda tu, nimewahi kuishi.

#26 DaktariMstaafu
Salaam. Nimesoma uzi kwa furaha, ila nimeona watu wakimshawishi binti apange mwambao, na baadhi wanamwandikia kwenye inboksi habari za kuogelea Luchelele (amenieleza). Naomba niseme wazi: maji ya kingo za Ziwa Victoria yana kichocho. Minyoo yake inakulia ndani ya konokono wa majini, ikitoka inaingia kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini, haihitaji kidonda wala kunywa. Kwetu hapa kinachosumbua zaidi ni kichocho cha tumbo. Dawa ipo, praziquantel, na inatibu vizuri, lakini mtu anayekaa kila jioni ameloweka miguu ataugua tena. Ukipanga mwambao, panga kwa ajili ya upepo. Ukitaka kuogelea, tafuta bwawa la hoteli.

#27 MvuviWaLuchelele
Daktari nakuheshimu, ni kweli. Sisi tunameza dawa na kurudi majini kwa sababu ndiyo kazi. Yeye hana sababu.

Na mimi nimwongezee ukweli wa mwambao, nisije kuonekana navutia kwangu. Kwanza, wadudu wa ziwani. Mwezi ukiwa gizani wanapanda kutoka majini kama moshi, upepo ukiwasukuma nchi kavu wanafuata taa. Hawaumi. Lakini wewe utakuwa umewasha taa na kioo cha laptopu mpaka saa 7 usiku, nyumba nzima itajua uko macho. Bila nyavu nzuri za madirisha watajaa mpaka kwenye vibonyezo. Pili, mipaka. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na bado utaonyeshwa nyumba ambayo ukitema mate yanaangukia ziwani. Maji yalipopanda 2020, na yakapanda tena 2024, nyumba kama hizo ndizo zilizoingiliwa. Mwenye nyumba hatakurudishia kodi ya miezi sita.

#28 SatoNaUgali
Umesema kodi ya miezi sita. Dada, wengi watakudai hiyo mara moja. Omba mitatu. Ukiwa na barua ya kazi na ukionyesha huna ugomvi, wapo wanaokubali, hasa nyumba iliyokaa wazi muda mrefu. Lakini kwanza jiulize kwa nini imekaa wazi.

#29 Buswelu_Mpya
Mbona Buswelu inapitwa? Viwanja vimepimwa, barabara zinaeleweka, tambarare kuliko huko kwenye mawe, kimya usiku. Maji yakipungua una simtanki lako chini, halihitaji kupandishwa kilimani.

#30 KonaYaBwiru
Buswelu ni nzuri kwa mwenye gari. Yeye hana. Akitaka dawa saa 7 usiku anaita boda kutoka wapi?

#31 Buswelu_Mpya
Boda zipo hapa mpaka usiku mwingi, tuna kituo mbele ya nyumba yangu. Acha kutuona porini.

#32 Mama_Nyasaka
Maji tuyazungumze, #29 kayagusa akapita. Nyumba za juu ya kilima, presha ya bomba mara nyingi inapanda usiku watu wakiwa hawatumii. Kwa hiyo usiku ndiyo tanki linajazwa, na kama ni kwa pampu, pampu inanguruma nje ya dirisha wewe uko kwenye mkutano. Tangu chanzo cha Butimba kiongezwe juu ya kile cha Capri Point kuna mitaa imepumua, nyingine bado. Usimuulize dalali kama maji yapo. Fungua bomba mwenyewe, kisha gonga tanki usikie limejaa mpaka wapi.

#33 FundiMnara
Sasa nirudi kwenye mtandao kwa vitendo, maana sababu tunaweza kubishana mwaka mzima.

Kama unaweza, panga nyumba ambayo faiba imeshafika mlangoni. Usikubali "inakuja". Angalia waya uliotoka nguzoni ukaingia kwa jirani, mgongee jirani umuulize jioni inakuwaje. Faiba haijali mwamba wala wadudu. Pamoja nayo uwe na laini mbili za simu za kampuni tofauti zenye bando, na uzijaribu ndani ya chumba cha kazi, sio barazani.

Rauta nyingi zinatumia volti 12, kuna vibetri vidogo vya kuzishikilia saa kadhaa umeme ukikatika. Nunua hicho kabla ya kiti. Na radi: ziwa hili lina radi nyingi sana, na mvua zake zinapenda kuja usiku wa manane na alfajiri kwa sababu usiku upepo wa nchi kavu unasukumwa ziwani na mawingu yanajijenga huko. Ukisikia ngurumo unapokwenda kulala, chomoa rauta na chaja ukutani. Nimezika rauta nyingi za wateja.

#34 Kirumba_Damu
Na kama kazi inadai VPN (njia ya siri ya kupita mtandaoni), TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia wajisajili. Ofisi yako ikuandikie hiyo karatasi mapema.

#35 TabataRelini
Hilo limeshashughulikiwa na mwajiri. Fundi, hii ya jirani na waya nimeipenda sana, hakuna dalali aliyewahi kuniambia.

#36 Pasiansi_Kwetu
Mimi ningekwambia uvuke kabisa. Daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, kilomita 5 juu ya maji, kaa Sengerema ule hewa.

#37 NgwanaIgogo
Kilomita 3 mwanangu, sio 5. Lilizinduliwa Juni 2025. Mimi nimesubiri feri pale Busisi mpaka mvua ikaninyeshea na ikanikausha, kwa hiyo kila mita ya lile daraja naijua. Lakini Sengerema kwa mtu wa mikutano ya video usiku na hana gari, hapana.

#38 MalimbeHostel
Tukiwa kwenye kurekebishana, juzi kwenye uzi wa utalii mtu alisema kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 1964. Mwaka 1964 ilianza kama bustani ya wanyama. Hifadhi ya taifa imekuwa 2013. Dada ukifika, nenda siku ya mapumziko, boti ni dakika chache tu kutoka Capri Point.

#39 MiambaMitatu
Capri Point tena. Sikusema mimi!

#40 SatoNaUgali
Siku Pamba Jiji wakicheza CCM Kirumba na Simba au Yanga, usipange mkutano muhimu ukiwa unaishi karibu na uwanja. Na simu za eneo zima zinakuwa nzito, hapo FundiMnara atafurahi.

#41 FundiMnara
Nafurahi kweli. Watu maelfu kwenye mnara mmoja, hakuna mwamba uliosogea, hakuna ziwa lililopinda. Ushahidi uko wazi.

#42 MvuviWaLuchelele
Huo ni ushahidi wa mpira. Capri Point hakuna uwanja.

#43 JichoLaMagharibi
Kuna sababu moja hamjaitaja: rauta ya ndani. Nyumba nyingi za zamani za Capri Point na Isamilo zina kuta nene, nyingine za mawe. Mchana mtu anafanyia kazi sebuleni penye rauta. Jioni familia inajaa sebuleni, anahamia chumbani, kuta tatu katikati, anasema mtandao umekufa. Rafiki yako alikuwa anakaa chumba gani jioni?

#44 TabataRelini
Nimemuuliza sasa hivi. Jioni alikuwa barazani akiangalia ziwa 😀 Baraza liko nyuma ya jiko.

#45 NgwanaIgogo
Na nyuma ya baraza kuna jiwe. Muulize.

#46 TabataRelini
Lipo.

Wakuu, mpango wangu ni huu. Nakuja wiki ijayo, nafikia gesti katikati ya mji, silipi kodi popote kwanza. Capri Point nimeiacha kwa sababu ya bei, MiambaMitatu unisamehe. Nitaangalia nyumba Bwiru, ile isiyotazama magharibi ambayo KonaYaBwiru amenitajia inboksi, na moja ya Nyasaka karibu na Mama, ambayo faiba imefika kwa jirani. Buswelu nitapita mchana nione hicho kituo cha boda. Kila nyumba naomba nikae ndani yake kuanzia saa 1 jioni na laptopu yangu. Je, mwenye nyumba atakubali? Na dalali nampa lini pesa yake?

#47 Mama_Nyasaka
Atakubali ukienda na mtu mzima wa mtaa, nitakwenda na wewe. Dalali chake ni kodi ya mwezi mmoja, anapewa siku ya kusaini na kukabidhiwa funguo, sio siku ya kuonyeshwa. Hela ya "kuonyesha nyumba" ni nauli yake tu, msikilizane kabla hamjapanda bajaji. Na uje asubuhi pia, kwa ajili ya nyundo.

#48 KonaYaBwiru
Bwiru asubuhi ni kimya dada, usitishwe.

#49 FundiMnara
Naomba kitu kimoja. Kwenye kila nyumba pima kasi saa 10 jioni, saa 2 usiku na saa 5 usiku, kwa laini zote mbili, ukiwa umekaa palepale. Ulete namba hapa. Kama ni msongamano, saa 2 itaanguka na saa 5 itaanza kupanda, na wikiendi itakuwa tofauti.

#50 MvuviWaLuchelele
Aandike pia kama kulikuwa na upepo, ulitoka ziwani au nchi kavu, na mwezi ulikuwaje. Namba bila upepo sizipokei.

#51 NgwanaIgogo
Na apige picha ya kilima kilichoko upande wa mnara.